Mashine Kubwa Katika Chumba cha Mama Yako

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.
9 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na mgongo wako umetulia. Mkeo je, jino limeacha kumsumbua? Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanalia kuliko milango.

Ningependa kuendelea na salamu, lakini hali ya mama yako si nzuri, na sababu ni ile mashine ya mvuke uliyomletea. Sikupiga simu kwa kuwa nyumba hii ina masikio, na ya mama yako ndiyo makali.

Nia yako ilikuwa njema. Daktari alisema hewa kavu inamuumiza kifua, nawe ukatafuta dawa ya hewa kavu. Ila kifaa hiki huchaguliwa kwa ukubwa wa chumba. Boksi limeandikwa mita za mraba sitini. Nadhani ulikipima chumba chake kwa macho ya mtoto, enzi ukikimbiza mpira humo. Tangu tujenge ukuta katikati ili dada yako apate pa kulala, kimebaki hatua tatu kwa tatu.

Nilinunua kipimo cha unyevu. Kinatakiwa kisome kati ya arobaini na hamsini katika mia. Kwake kinasoma themanini na tano. Vioo vinatoka jasho, godoro lina ubaridi, na nyuma ya kabati ukungu mweusi umepanda ukutani hadi usawa wa kiuno changu.

Fundi wa friji, tunayemwita Bisibisi, aliifungua mashine. Ndani ya tangi palikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, mnene kama ukucha. Hilo si tatizo: maji yamwagwe kila siku, na kila wiki ukoko uloweshwe kwa siki, usuguliwe, tangi lisuuzwe mpaka harufu iishe. Tumefanya. Lakini alipokitazama chumba alitikisa kichwa. "Mzee, hii ni ya ukumbi. Humu mnamchemsha mgonjwa."

Juzi daktari alisema ule ukungu unaingia kifuani. Tukiendelea hivi, mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Sasa mama yako hafiki jikoni bila kuketi njiani.

Nimejaribu kuizima. "Usimzime mwanangu," ananiambia. Nikianza habari za vipimo: "Kaka, tangu utoto wewe huwezi kuona mtu kapata kitu kizuri." Ameitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe, na kila mgeni lazima aonyeshwe.

Kosa langu ni kubwa kuliko lako. Maandishi ya boksi niliyasoma siku lilipofika. Mimi, nisiyepita kitu bila kukieleza, nilimwona anavyotabasamu nikanyamaza. Ni miezi miwili sasa.

Nakuomba umpigie wewe. Usimwambie ni mbovu, ataita fundi mwingine. Mwambie ulikosea ukubwa, na kwamba wewe mwenyewe unataka izimwe. Ndogo, ya chumba kama chake, nimeshaipata dukani, lakini haitavuka mlango wake bila neno lako.

Dada yako na mkaza mjomba wako wanakusalimu. Mpe salamu mkeo na yule mdogo mwenye mapengo. Mungu akulinde huko uliko, akupe na maneno laini.

Mama yako hujaza tangi saa moja asubuhi. Siku itakayofuata baada ya kusoma haya, simu yako imkute kabla.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kama nilivyokupenda siku zote.