Shairi Langu Limesomwa Mahakamani

Ndugu yangu, nimejifungia kwenye choo cha mahakama. Usicheke.

Si unajua tumejitetea kwamba shemeji aliteleza ngazini, mkono ukavunjika, kwa hiyo fidia anayodai hainihusu?

Wakili wake kasimama na karatasi. Shairi langu. Lile nililowarushia kwenye kundi la familia. Shairi langu, mbele ya hakimu!

Akasoma: "Kampiga dada, mkono nikauvunja."

Nikaropoka: "Umeruka mizani mbili. Ni 'dada yangu'."

Hakimu kashusha miwani: "Kwa hiyo mtunzi ni wewe?"

Wakili wangu akanikanyaga mguu. Nikajibu: "Ni mimi, mheshimiwa. Kina kwa kina."

Tumepewa dakika kumi. Wakili wangu kaniambia: "Mshairi, tukirudi sema ulitunga uongo, ulikuwa unajigamba tu."

Nikikubali ni kweli, nimeshindwa kesi. Nikisema ni uongo, basi na kipigo cha dada ni uongo, maana vimo kwenye mstari mmoja. Naye yuko benchi la mbele, jicho bado limevimba, ananisubiri nirudi.

Karani anagonga mlango. Mstari mmoja, ndugu yangu, na sioni pa kuukata.