Mate ya Mama Pembeni mwa Karatasi

Ngungu, tarehe 14 Novemba 2012

Mpendwa kaka Omer,

Pokea salamu za nyumbani. Huko Walikale mnaamkaje? Kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuachia? Sisi tungali hai, na siku hizi hapa hilo ndilo jibu tunalopeana.

Simu hazishiki tangu mnara uchomwe, kwa hiyo barua hii anakuletea Papa Mbonigaba, anayekuja huko kuuza maharage.

Uvimbe wa mama kifuani umepasuka. Mama Verdiane, muuguzi wa kituo cha afya, amemletea mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Lakini barieri, kizuizi cha wenye bunduki barabarani, inafungwa saa kumi jioni, naye lazima aondoke saa tisa. Maumivu hayajui saa za kazi. Basi amenifundisha kupima dawa, akaniachia kichupa. Ninakificha ndani ya kapu la mahindi, maana wenye bunduki hutafuta dawa nyumba kwa nyumba. Aliponiona nikipima kwa mara ya tatu alinitania: "Kisha saa kumi, daktari njo wewe, dada. Ile diplome yako ya shule ilikuwa ya nini?"

Sikucheka. Kaka, ninakiogopa kichupa kile kuliko bunduki.

Tena mama alikataa kumeza. Siku nne mfululizo, jua likianza kushuka, aliuma pindo la kitenge chake ili majirani wasimsikie, nami nimekaa hapo na dawa mkononi. Alikuwa anakungoja wewe, mzaliwa wake wa kwanza, akutemee mate ya baraka kiganjani kama baba yake alivyomfanyia yeye.

"Ile dawa itanilalisha," aliniambia. "Omer akifika, nitamubariki na kinywa gani?"

Sasa nakuomba jambo ambalo sikuwahi kufikiri ningeliandika: usije. Wiki iliyopita vijana watatu walishushwa kwenye pikipiki pale barieri, na mama zao wanauliza hadi leo walikopelekwa. Nilimweleza mama bila kumficha. Akaniambia nilete karatasi nitakayokuandikia.

Hiyo ilikuwa jana jioni. Karatasi hii ilikuwa bado tupu. Aliitemea mate pembeni, akataja jina lako na la marehemu baba. Halafu akafungua kinywa mwenyewe, nikampa dawa. Alilala bila kuuma kitenge. Mimi nilihesabu pumzi zake, nikiogopa kwamba nimezidisha.

Leo ameamka, ameomba uji. Jioni nitapima tena, peke yangu. Siku asipoamka, uniandikie kwamba si mkono wangu uliomuua.

Msalimie wifi Adrienne, umbusu mtoto Christian. Mungu awafunike kwa kiganja chake.

Hapa chini, karatasi ilipokunjamana, si mvua wala machozi yangu. Weka mkono wako hapo.

Mdogo wako akupendaye kwa hofu yote hii,

Kétsia