Sanda ya Hariri ni Moja Tu

Jumatatu, 7 Agosti

Mnajimu ametoa siku: Jumamosi ya wiki ijayo. Mama alinipigia ofisini kuniambia, kwa sauti ile ile anayotajia bei ya mchele. Kaburi la ukoo litafunguliwa. Baba atatolewa, atafungwa sanda mpya juu ya ile ya zamani, atarudishwa. Miaka minne sasa tangu tumzike.

Nilisema sawa, mama. Nikarudi kwenye hotuba ya Bwana Ndrianja, mkuu wangu. Nilikuwa nimefika pale anaposema hariri ya msituni ni roho ya taifa. Nikafuta "roho", nikaweka "fahari". Nikarudisha "roho".

Nilingoja nihisi kitu. Nikanywa chai.

Jumatano, 9 Agosti

Solofo, mtoto wa baba mkubwa, amekuja huku Tana, mji mkuu, kuchukua mzigo. Anauza sanda za polyesta kule Ambositra. Alinionyesha jora moja pale pale kaunta ya ofisi yetu ya urithi, ofisi inayogonga muhuri sanda zilizofumwa kwa mkono. Hana aibu.

Michirizi ni ile ile ya kwetu. Huko kiwandani, ng'ambo, wameiga kila kitu, hata kosa: mstari mwembamba unaokatika karibu na pindo. Mama fulani alikosea siku moja, kwenye kitanda chake cha kufumia. Sasa kosa lake limo katika kila jora.

— Ninyi watu wa urithi mmetupandishia ushuru, dada. Wateja wanalia.
— Lakini wananunua.
— Watafanyaje? Wafu hawapungui.

Nilicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kama kikohozi.

Ijumaa, 11 Agosti

Niliomba ruhusa ya wiki nzima. Bwana Ndrianja akatia saini, kisha hakunirudishia karatasi. Akauliza: ile sanda ya mama yako tuliyoiandikisha mwezi uliopita ikiwa bado inafumwa — je, ndiyo itakayozikwa? Nikasema ndiyo, ni ya baba. Akavua miwani. Akasema kuna maonyesho Ulaya, nchi inahitaji kitu cha kuweka nyuma ya kioo.

— Usinielewe vibaya, Faniry. Bibi yangu mwenyewe tulimvika hariri. Lakini wafumaji wamebaki wangapi? Tuifukie kweli?

Hakuwa akidanganya. Hilo ndilo linalochosha.

Nikampigia mama. Nilisikia mti wa kufumia ukigonga, tak, tak. Akasikiliza hadi mwisho.

— Mwambie aje Jumamosi amvue mwenyewe.

Nikamwambia Bwana Ndrianja kwamba mama bado anafikiria.

Jumapili, 13 Agosti

Nyumbani. Jana usiku sakitu, umande ulioganda, imeunguza bustani, kabichi zote nyeusi. Mama amemaliza pindo. Sanda ni ya rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua. Ukiikunja inatoa sauti, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Amevikusanya vifukofuko vya viwavi mwenyewe, kwenye miti ya tapia ya msituni. Amevichemsha, ameisokota hariri, ameifuma. Miaka miwili, kwa sababu baba alimjia ndotoni akasema anasikia baridi.

Mchana alikuja baba mkubwa, Ratsimba. Ndiye mkuu wa kaburi. Hakuketi hadi alipoishika.

— Shemeji, ni hii moja?
— Moja.
— Basi ni ya babu yetu mzaa baba.
— Babu yenu simjui. Nimemfumia mume wangu.
— Mume wako ndiye mdogo kuliko wote mle ndani! Atoke kama bwana harusi na wazee wake wamevaa plastiki? Mimi nitawajibu nini?
— Wavike wote hariri.
— Aifume nani? Umebaki wewe.

Baba mkubwa si mtu mbaya. Siku ya msiba alilia hadi akashikwa mabegani, mimi nikiwa nahesabu viti.

— Ama avae mkubwa wao, ama wote wavae sare ya Solofo. Na kama ni baridi, polyesta ina joto, shemeji. Mimi mwenyewe najifunika.

Mama akammiminia kahawa. Hakuchagua.

Wangeniuliza mimi ningesema nini? Nina shahada ya mambo haya. Niliandika kurasa nyingi sana.

Alhamisi, 17 Agosti

Wageni. Nguruwe wawili wamechinjwa. Wapiga tarumbeta wamelala ghalani.

Mzigo wa Solofo umefika: sare kwa wote, kwa kuwa mama hakuchagua. Kila sanda huandikwa jina, wafu wasichanganyike wakishatolewa, na mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Nikaandika. Babu. Kaka zake. Mashangazi. Wino unateleza kwenye polyesta, inabidi urudie kila herufi. Nikaandika jina la baba. Nikarudia kila herufi.

— Mwandiko wa serikali huo, akasema baba mkubwa.

Mama akauliza ya mumewe ni ipi. Nikamwonyesha. Akaipitisha kati ya vidole viwili, anavyopima nyuzi.

— Laini, akasema.

Kisha akaenda kuonja wali.

Bwana Ndrianja ameandika: umeongea na mama? Sijajibu.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandikia hapa hapa kaburini, juu ya jiwe. Alasiri.

Mama amekuja ameivaa ile hariri. Ameitupia mabegani kama mtandio wa kwenda kanisani. Watu waliona, tarumbeta zikakosea kidogo, zikaendelea. Nani atamvua mjane nguo mbele za watu?

Wametolewa wote, wakalazwa kwenye mikeka. Wanawake wakaketi, kila mmoja akapakata wake. Mama akapewa baba. Mwepesi, nilishika upande mmoja. Alipompakata akafungua hariri, ikawafunika wote wawili. Akaanza kumpa habari, kama wanavyofanya wote. Paa lilitobolewa na mvua ya mawe. Mbwa alikufa. Faniry anafanya kazi mjini, amekonda.

Nilikuwa karibu. Nilisikia kila neno na nikatazama viatu vyangu.

Wengine wamefungwa sare, wakang'aa juani, wakachezeshwa mabegani mwa watu, wakarudishwa ndani mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Sasa amebaki baba. Jua likizama hakuna mfu anayekaa nje. Hilo hata mama halibishi.

Baba mkubwa amesimama mbele ya mama na ile polyesta niliyoiandika jina la baba.

— Shemeji, jua.
— Naliona.
— Ivue basi, tumfunge.
— Hii nimevaa mimi. Yeye sijamvika kitu. Mila yako iko pale pale.

Wajomba wakatazamana. Mmoja akasema kweli, hajamvika. Mwingine akamwambia anyamaze.

Solofo amekunywa ramu.

— Mama mdogo, ukikaa hivyo tutawafunga wote wawili.

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

— Kamba mnayo.

Hapo tarumbeta zimenyamaza zenyewe. Solofo ameiweka chupa chini, polepole, kama imejaa.

Nimeendelea kuandika ili nionekane nina kazi. Haikusaidia. Baba mkubwa amegeuka.

— Faniry. Wewe ndiye msomi wetu. Zungumza na mama yako.

Nimesema dakika moja, baba mkubwa, namalizia. Wote wananingoja. Kivuli cha mlima kimefika kwenye ngazi za mlango. Mama amesogea mkekani, na baba mapajani. Ameinua pindo la hariri, upande huu nilipo, na mkono wake unaniita niingie. Naweka kalamu chini.