Matone ya Buluu Mlangoni kwa Mtakatifu Mamas

Alhamisi, 1 Agosti

Leo nimepanda mbio kutoka kijijini hadi kanisa la Mtakatifu Mamas na kurudi, saa moja tu, bila kupumzika. Njiani nikampita Mjerumani mwenye viatu vya bei ya punda. Na miaka yangu hii sabini na tisa!

Haya, uongo. Nilipanda na fimbo. Mjerumani ndiye aliyenipita, mara mbili — akienda na akirudi — na niliposhuka nilimkuta mkahawani kwa Lefteris, ameshamaliza bia, fulana imemkaukia mwilini. Akaninyanyulia glasi. Nikamnyanyulia fimbo.

Daktari ndiye aliyeniambia niandike kila siku, akili isilale. Nikamwambia shule niliiacha darasa la nne. Akasema inatosha: siku, tarehe, na ulichofanya. Hakusema nisidanganye.

Binti yangu Asimina kapiga simu kutoka Pireo, bandarini ng'ambo. "Baba, unakumbuka tulivyokubaliana? Ukipotea tena kama Machi, nakuja kukuchukua."

Nikasema Machi sikupotea, nilikwenda kuchuma mboga za mwitu.

"Bila kikapu, baba?"

Binti huyu ni mama yake mtupu. Chumba ameshaniandalia. Ghorofa ya tano, dirisha linatazama dirisha la jirani. Mimi! Nisiyepata usingizi nisiposikia mbuzi!

Jumamosi, 3 Agosti

Kalliroi, yule msichana wa chama cha mbio, kaja na ramani. Wanaweka alama kwenye njia za wageni kukimbia. Jumapili ya tarehe 11 kuna mashindano: basi litawapandisha hadi monasteri kule kileleni, wao washuke mbio hadi kijijini, kupitia kwa Mtakatifu Mamas. Watu wanalipa nauli ya meli waje kisiwani kwetu kukimbia mahali ambapo sisi tulikuwa tunakimbia kwa kufukuzwa na baba zetu. Sielewi. Basi.

Alitaka majina ya mahali. Nikamtajia kila ukuta na kila kisima, na machache nikayatunga papo hapo. Sasa kuna kona inaitwa Tumbo la Askofu, na iko kwenye ramani. Wino mweusi kabisa.

Tulikwenda wote kuweka alama. Yeye anatangulia na kopo la rangi ya buluu, kila hatua chache tone moja kwenye jiwe. Mimi nyuma na hadithi. Miaka arobaini nimepandisha mizigo njia zile na nyumbu wangu, Kanella: unga, mchanga, matofali, maharusi wawili, na marehemu mmoja mnene aliyetutoa jasho kuliko matofali.

"Mzee Argyris," Kalliroi akaniambia, "wewe ndiye ramani yenyewe." Nikavimba kama mkate.

Pale mlangoni kwa Mtakatifu Mamas njia inagawanyika. Moja inashuka penye mtini, moja penye uga wa kupuria shayiri. Moja inakuja kijijini. Nyingine inakwenda kwenye mazizi ya wachungaji, huko korongoni walikoniokota Machi. Kalliroi akauliza, kwa mzaha tu, maana yeye anaijua, "Haya babu, ipi ya kwetu?" Nikakohoa. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Aliposhaweka tone nikasema, "Hiyo hiyo!" Kwa sauti kubwa mno.

Sasa niko mezani na kalamu. Tone aliliweka upande gani?

Jumatatu — hapana — Jumanne, 6 Agosti

Zabibu za kwanza zimebarikiwa kanisani. Nimekula nyingi. Tumbo. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Chokaa! Mgongo umekwisha.

Kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Bikira Maria tunapaka. Sisi wa kijiji tunapaka njia yetu, mawe ya pembeni na hata kingo za vipandio, mpaka mlangoni kwa Mtakatifu Mamas. Wachungaji nao wanapaka ya kwao kutoka mazizini, kwani mtakatifu huyo, mlinzi wa mifugo, ni wa kwao kwanza. Halafu tunakutana juu na kutukanana: nani mweupe zaidi. Mwaka huu walikuwa weupe sawa na sisi, ila siwezi kusema hivyo mbele yao.

Mimi nilikuwa na Marousa, jirani yangu. Marousa hupaka chochote kisichokimbia. Akaona matone ya buluu kwenye mawe yetu.

"Nani kachafua njia ya Bikira Maria?"

Nikasema ni ya Kalliroi, ya mbio.

"Mbio hazina macho? Njia si hii, nyeupe kama jino?" Na brashi, pwaa! Tone la kwanza. Pwaa! La pili. Na wote waliokuwa chini yetu wanafanya vivyo hivyo, kila nyumba na kipande chake. Nilitaka kumzuia. Lakini kupaka kulikuwa kutamu, na mimi mwenyewe nimefuta kama ishirini.

Jumapili, 11 Agosti

Nitaandika hapa tu. Hapa tu.

Kalliroi aliniweka mlangoni kwa Mtakatifu Mamas na maji na vipande vya chungwa. Fulana ya njano, namba mgongoni, mimi nisiyeshindana na mtu. Hakujua habari za chokaa, alikuwa kileleni tangu alfajiri.

Wa kwanza akatokea, msichana mwembamba kama mshumaa. Anatazama chini, hakuna tone. Anatazama huku nyeupe, kule nyeupe. Ananitazama mimi.

Nikanyoosha fimbo. Penye mtini.

Akaenda. Akaja wa pili, na moyo ukaniambia: Argyris, si hivyo. Nikanyoosha penye uga. Wa tatu nikamrudisha penye mtini. Baada ya hapo niliacha kufikiri, nikawagawa nusu nusu. Kwa haki.

Mjerumani alikuja akasimama kabisa. Akanyoosha kidole huku, kisha kule, akainua mabega. Nami nikainua mabega. Tukala chungwa. Halafu akachagua mwenyewe.

Nusu ya watu walitokea uwanjani kijijini, wakapigiwa makofi. Nusu walitokea zizini, mbuzi wakatawanyika, mchungaji akawakaribisha jibini akidhani ni wageni wa sikukuu. Wengine walifika saa ya chakula cha mchana, wamechubuka miguu, wanacheka au wanalia, sikuweza kutofautisha.

Kalliroi aliingia mkahawani, ramani mkononi. "Nani kafuta alama zangu?"

Mkahawa mzima ukainamia vikombe. Kijiji kizima kina chokaa kuchani. Lefteris akasema, "Binti, ni sikukuu. Ungetuuliza pa kuweka alama, tungekwambia isiwe juu ya mawe." Watu wakacheka, yeye mwenyewe mwishowe akacheka. Kosa la chokaa. Ikaishia hapo.

Hakuna aliyeuliza habari za fimbo.

Isipokuwa Marousa, tukirudi nyumbani. "Wewe mzee, chokaa haikuwa na mdomo. Wewe si ulikuwepo pale?"

Nikamwambia wageni hawaelewi fimbo ya Kigiriki. Hakucheka. Marousa asiyecheka ni jambo baya.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelala vibaya. Jambo hili sijamwambia mtu hata nikiwa mlevi: njia sikuijua mimi. Kanella ndiye aliyekuwa anaijua. Mimi miaka arobaini nilitazama mkia wake na kuimba. Alipokufa niliendelea kupanda kwa mazoea ya miguu, na miguu ilikumbuka. Sasa miguu inaniuliza mimi!

Au niliijua na imenitoka? Hilo ndilo nisilolijua, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumanne, 13 Agosti

Kalliroi kanipa kopo na brashi. Nirudishe matone kabla ya sikukuu, safari hii kwenye kuta. "Wewe ndiye unayeijua, mzee wangu." Nikasema naam.

Asimina kapiga simu. Anafika kesho na meli ya saa sita. Anakuja na viatu vya kukimbilia. Anataka nimwonyeshe njia za baba yake. Anasema kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha. Marousa kampigia? Sijui.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika nikiwa kizingitini kwa Mtakatifu Mamas. Kopo limejaa bado. Nilikusudia kupaka nikishuka, kwa sababu kupanda na kuinama kwa pamoja goti langu halikubali. Nikafika salama, bila kosa! Nikaingia ndani kwenye baridi nikawasha mshumaa, nikakaa kidogo. Labda nikasinzia.

Nimetoka. Mtini. Uga. Nyeupe na nyeupe.

Nimekuja kwa njia ipi?

Nimetafuta nyayo zangu. Mawe hayashiki nyayo. Nimetafuta alama ya fimbo. Chokaa imekauka. Nikishukia korongoni ni Machi tena, na simu nimeiacha mezani makusudi. Nikipaka upande usio wenyewe, Asimina atafuata matone ya baba yake hadi kwa mbuzi, na jioni nitakuwa nafungiwa sanduku la safari ya Pireo.

Meli imeshapiga honi. Zamani kidogo.

Na sasa nasikia viatu. Mtu anapanda, haraka, mwepesi. Viatu vipya. Huyo anatoka kijijini, atoke wapi tena! Nikijua tu anatokea upande gani nina muda wa kuweka matone matatu, manne, nimpokee na brashi mkononi nikipiga mluzi. Lakini upepo huu wa Agosti unazungusha sauti. Mara mtini, mara uga, mara nyuma ya kanisa.

Mtakatifu Mamas, sikiliza. Miaka arobaini na moja nimekupakia chokaa nyumba yako, ndani na nje, na hujanipa hata ahsante. Kengele yako hiyo ilipanda hapa mgongoni kwa Kanella, na mimi nilimsukuma. Sikuombi muujiza. Sikuombi hata akili. Zuia upepo kidogo tu. Nivute pumzi moja, nisikie anatokea mkono upi.