Jina Langu Kwenye Kadi

Jumatano, 1996

Amelifuta! Mwezi mzima kadi yangu ya kupaka maharusi maua ya piko mikononi imetundikwa dukani kwa shemeji, hapa Kibokoni, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Leo nimekwenda kuitazama: "Mwanaisha" limepigwa wino, juu yake shemeji ameandika jina la mume wangu.

"Jina la mke wa mtu halitundikwi dukani, shemeji."

"Kwani bibi harusi atapakwa piko na mwanamume?"

Bibi mmoja aliyekuja kununua sukari akacheka. "Kumbe ni wewe, mwanangu! Mjukuu wangu nimempeleka kwa mpakaji wa kule Ganjoni."

Ganjoni! Nami nataka kumlipia binti yangu chekechea kwa jasho langu, nisimwombe mtu.

Kalamu ya shemeji ilikuwa mezani. Nimeliandika upya, kubwa kuliko mwanzo, naye akinitazama.