Kichupa cha Mwisho cha Kimya

Jumatatu, 4 Machi

Kimya hakuamka. Tena! Nimemtoa kwenye friza, nikampa chakula safi na joto analolipenda, nikamwacha wikendi nzima. Chupa bado inang'aa kama maji ya kunywa.

Bila yeye kazi yangu haina miguu. Ninao bakteria sita, wote wa kijiko kimoja cha udongo, na nimewapa majina ya utani maana yale halisi yanachosha ulimi. Manjano anatoa sumu. Ukimweka na Maziwa wawili tu, Maziwa anakufa. Lakini wakiwa wote sita, Maziwa anaishi raha mustarehe. Nikawa naondoa mmoja mmoja kuona nani anamkinga. Nilipomwondoa Kimya, mdogo kuliko wote, anayekua kwa kujivuta — Maziwa akafa. Anamkingaje, sijui. Na sasa mlinzi mwenyewe hali si hali. Kila nikimwotesha peke yake anazidi kudhoofika.

Friza ina vichupa vyake viwili. Pale tulipochota udongo siku hizi ni maegesho ya magari.

Mama hakumaliza chakula. Anasema ameshiba.

Jumatano, 6 Machi

Mzee amepita mezani kwangu. Profesa wetu, lakini hakuna anayemwita profesa. Amesema kwa upole kwamba Kimya atoke kwenye makala yetu ya utafiti, kwa sababu kitu kisichoota hakuna maabara nyingine itakayoweza kukithibitisha. Yuko sahihi, na hilo ndilo linaloniuma. Nimemwomba wiki moja. Akasema sawa, huku anaangalia saa.

Nimefungua kichupa kimoja. Safari hii nimempanda kwenye kisahani badala ya chupa.

Viatu vimenibana kutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Naandika ili nisilie.

Kisahani cha Kimya kilichafuka. Manjano alidondokea humo, pengine kutoka kwenye glavu yangu — doa moja la manjano pembeni, kwingine kote kutupu. Nilikuwa nishakibeba kukitupa nikaona kitu. Kulizunguka lile doa kulikuwa na vidoti vidogo kama unga uliomwagika. Karibu na Manjano vimejaa, mbali naye hakuna hata kimoja. Nikatazama kwa lenzi. Kimya!

Nikakiweka mezani, nikaenda kuchukua simu nipige picha. Mzee akanisimamisha kwenye korido, mambo ya kikao. Niliporudi meza ilikuwa safi. Fundi, anayetutunzia maabara, alishakipika kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu. Sheria inasema kisahani kilichochafuka kisikae mezani, na imebandikwa mlangoni. Niliibandika mimi. Nikaipigia na mstari mwekundu.

Fundi kasikitika kuliko mimi. "Dada, ungeweka hata alama ndogo tu, nisingekigusa."

Simlaumu. Nimebaki na kichupa kimoja, na ushahidi wote niliokuwa nao uko kichwani mwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaza tangu asubuhi. Kwa nini aote karibu na Manjano? Pale ndipo sumu ilipo nyingi. Angepaswa kukimbia.

Isipokuwa kama anaila.

Nimeandika na kufuta, lakini narudi palepale. Kama Kimya anakula sumu ya Manjano, basi Maziwa anapona bila Kimya hata kujua kwamba kuna Maziwa. Na sisi tumekuwa tukimtenga, kila mara peke yake, kwenye chakula safi kabisa, tukidhani tunamtunza. Kumbe tunamnyima chakula chake.

Mama alikaa kitandani mchana kutwa. Ni mwezi sasa tangu nimlete kwangu apumzike na ugomvi wa shangazi. Miaka yote wameishi nyumba moja, yeye na wifi yake, wakigombea sufuria, pazia, nani kaacha mlango wazi. Nilijua namwokoa. Hapa kwangu hakuna kelele, na gauni lake la njano sasa linampwaya.

Jioni aliniuliza kama shangazi bado anaanika nguo kivulini. Nikamwambia, Mama, umeshaepukana na hayo. "Yule hajui kuanika," akasema. "Hajawahi kujua." Macho yakamchangamka kidogo, kisha akageukia ukuta.

Sitaki kumlinganisha mama yangu na bakteria. Lakini nimempigia shangazi simu.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimefua, hazikukauka.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya. Siwezi kurudi nyuma.

Nilimweleza Mzee kabla. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema kichupa cha mwisho hakichezewi, kikae friza hadi tupate njia ya uhakika. Nikamuuliza, njia gani, na kila tunayoijua imeshashindwa? Akakuna kidevu. Akasema kichupa ni changu na uamuzi ni wangu. Afadhali angenikataza.

Nilichukua maji aliyokulia Manjano, nikayapitisha kwenye chujio lisilopitisha bakteria hata mmoja, yakabaki maji na sumu yake tu. Chupa tatu. Ya kwanza, Kimya kwenye chakula safi. Ya pili, Kimya kwenye chakula kilichotiwa maji ya Manjano. Ya tatu ni kama ya pili ila haina Kimya, nijue kama chujio limevuja. Kichupa kikishayeyuka hakirudi friza. Nilikishika kiganjani nikaangalia barafu inavyogeuka tone, na niliogopa kwelikweli. Kama nimekosea, nimemmaliza kwa mkono wangu, na duniani sijui pengine pa kumpata.

Fundi alisimama karibu, akanishikia chupa. Nilishukuru.

Shangazi amefika jioni. Kabla hajakaa ameuliza nani kafunga pazia kichwa chini miguu juu. Mama, kutoka chumbani: "Na wewe nani kakuita?"

Jumatano, 13 Machi

Nimeamshwa na ugomvi jikoni. Shangazi amepika, Mama anasema chumvi imezidi. Amesema hivyo kila tonge, sahani nzima, kisha akapakua tena ili ahakikishe. Nilijifungia bafuni nikacheka, halafu nikalia kidogo.

Maabara. Nimetoa chupa zote tatu kwenye kabati la joto. Kwa macho ni maji matupu. Fundi akaleta kipande cha gazeti, tukakiegemeza nyuma ya chupa, kama tunavyofanya kila bakteria anapooteshwa: ikiwa humo kuna uhai, maji yanakuwa na ukungu na herufi zinafifia. Kwa ya kwanza nimesoma kila neno. Kwa ya tatu pia, mpaka maandishi madogo ya chini.

Mzee amepiga simu. Makala inaondoka leo — Kimya abaki au atoke? Nimemwomba asubiri kwenye laini.

Ya pili nayo inasomeka. Fundi anasema nayasoma maneno kwa sababu nishayajua. Amegeuza gazeti upande wa pili, ambao sijauona.

Bado nasoma. Lakini imebidi niiname, herufi zimefifia kidogo.