Jina Lililokuja na Kapu la Ulezi

Biharamulo,
Jumatatu, baada ya mvua

Mdogo wangu Frednand,

Usishtuke kuona bahasha. Najua siku hizi mtu akipata barua ya mkono hudhani ameitwa baraza la kata. Hapa hakuna mgonjwa. Mimi ni mzima, mshono umekauka, na mtoto ananyonya kama aliyeambiwa kesho hakuna. Wewe hujambo? Mkeo Jovina hajambo? Francisca amepona tumbo? Na ile migomba ya juu iliyoangushwa na upepo, mmeiwekea miti? Mpe Baba shikamoo yangu, ingawa kila nikipiga simu naambiwa yuko kwenye ng'ombe.

Ningeweza kupiga simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunitangulia. Sijamaliza salamu umeshaniambia Mama amelala, au ameenda jumuiya, au sauti imekauka kwa kikohozi. Barua haikatizwi. Nina jambo la kukuomba, liko mwishoni, na ukininyima nitazidi kuwa peke yangu kuliko nilivyo sasa. Basi soma polepole, usirukie chini kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi.

Nyumba hii ya mwalimu ni kimya. Shemeji yako Leonidas amerudi kwenye lori. Huja, akafua nguo, akamshika mtoto, akaondoka. Jirani yangu mama Rwekaza huniletea maji na kuniangalia kwa huruma ambayo ni kubwa kuliko mshono wangu. Shule imefunguliwa nami bado niko likizo ya uzazi. Mchana nasikia kengele na watoto wakicheka, na mimi nimekaa na mtu ambaye hata kucheka hajajifunza. Hapa hakuna milima kama kwetu ya kuzuia macho. Natazama pori hadi nachoka.

Nalikumbuka darasa langu. Kabla daktari hajanilaza kwa ajili ya presha, nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu neno moja la Kiingereza, "revelation". Usikunje uso, najua Kiingereza ulikiacha shuleni pamoja na kaptula. Maana yake ni jambo lililokuwa limefichika likajitokeza, na aliyelipata akashangaa. Niliwaambia kila mmoja alitumie katika sentensi. Nusu yao wakaniletea joka na farasi wa Ufunuo wa Yohana, nikawaeleza kwamba hicho ni kitabu cha Biblia na kina herufi yake kubwa, sisi tunataka letu dogo la kila siku. Joan akaandika kwamba ana "revelation" moyoni na hatamwambia mtu hadi kufa. Nikamwekea kalamu nyekundu: hiyo bado ni siri. Kwizera, binti wa wafugaji, akaandika kwamba jioni ng'ombe wa baba yake walirudi zizini na hiyo ilikuwa "revelation". Nikamuuliza kama kuna siku waliwahi kulala dukani. Darasa likacheka, na yeye akacheka.

Basi nikawapa kanuni moja: ukiliandika neno hilo, mwambie msomaji ni kwa nani. Kwa mama, kwa kijiji, kwa polisi. Jambo linaweza kuwa geni kwangu na kwako likawa la zamani. Hapo Kwizera akanyoosha mkono. Akauliza, je, kama anayefichwa habari ameshaijua, ila wanaomficha hawajui kwamba anajua? Itakuwa "revelation" kwa nani? Kengele ikaniokoa. Nikasema tutaendelea wiki ijayo, na wiki ijayo yenyewe ikanikuta hospitali.

Ni wakati huo sauti ya Mama ilipopotea. Ulikuwa ukijua desturi yake: Jumapili akitoka misa ananipigia, ananiuliza nimekula nini, kisha anakata bila kuaga kwa kuogopa vocha. Ghafla nikawa nakupata wewe tu. Tumbo lilikuwa limenifika kidevuni na presha haishuki, nikakuamini. Kukuamini kulikuwa njia ya kupumzika.

Sasa ukumbuke siku uliyokuja kumwona mtoto. Ulikuja na lile kapu la Mama lenye mfuniko wa rangi mbili, limejaa unga wa ulezi wa uji wa mzazi, umekaangwa kwanza ndipo ukasagwa kwenye jiwe, kama anavyofanya yeye. Nilionja uji nikasema huu ni mkono wa Mama. Ulimpakata mtoto vibaya, nikakusahihisha, ukamrudisha. Tukakaa kula. Ukiwa na wali mdomoni, unatafuta chumvi, ukasema:

"Mama amesema mtoto aitwe Scholastika."

Frednand, umesahau ubatizo wa Francisca? Ulimwomba Mama akupe jina lake mwenyewe, Scholastika, umwite mtoto, mbele ya wageni wote pale nyumbani Mabawe, na watu wakapiga makofi kabla hajajibu. Akasimama na bilauri yake ya pombe ya ndizi, akasema kwa Kihangaza, na hata padri alicheka:

"Jina langu bado nalitumia. Siku nikimaliza kulitumia nitawaachia."

Ulinuna hadi wageni wakaondoka, na ndiyo maana binti yako ni Francisca.

Kwa hiyo ulipoitamka sentensi ile nilijua. Mama amefariki. Nilijua hapo hapo, kabla hujaipata chumvi. Na nilijua kwamba hukunidanganya. Yeye mwenyewe alikutuma, pengine akiwa kitandani, nawe ukaufikisha ujumbe wa marehemu kama ulivyo.

Siwalaumu. Mwenye mimba haambiwi msiba, na mzazi mbichi haambiwi, asije akampoteza mtoto, maziwa yasije yakakauka. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mimi nilikuwa miongoni mwa waliomficha shangazi Febronia kifo cha mumewe, na tulimpikia uji huku tukimwambia amesafiri. Naona Baba aliamua, Leonidas akakubali, na mama Rwekaza akapewa kazi ya kuwazuia wageni wenye mdomo. Mmenipenda sana. Lakini hakuna aliyefikiria itakuwaje kama mzazi atajua mwenyewe, kisha akae katikati ya watu wanaomchunga asijue. Ninamlilia Mama ninapomwogesha mtoto, kwa sababu hapo mtoto naye analia na mama Rwekaza hawezi kututofautisha. Maziwa hayajakauka. Mwambie Baba hilo. Nalia nayo yanatoka mpaka nguo inalowa.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Niliuona uso wako. Ulikuwa umechoka, umelibeba jambo hilo kutoka Mabawe pamoja na kapu, na kama ningepiga kelele ungerudi nyumbani ukiwa ndiye aliyeharibu. Nikasema asante, mwambie Mama nimelipokea jina. Ukatoka uani, ukakaa huko muda mrefu, ukarudi na macho mekundu ukasema ni moshi wa jikoni. Mdogo wangu, nilikuwa napikia gesi.

Kwa hiyo swali la Kwizera nimelipatia jibu, na nikirudi darasani nitampa. Kifo cha Mama kilikuwa "revelation" kwangu, siku ile mezani. Barua hii ni "revelation" kwako. Sasa tunajua wote wawili, na mimi nimechoka kujua peke yangu.

Ombi langu ndilo hili. Usinitafutie mzee wa kuja kunikalisha kitini na kuanza kwa mafumbo. Njoo wewe unichukue. Nataka kulia kwa sauti, nyumbani, na watu wangu. Nataka uniambie nani alimfumba macho, na mmemlaza upande gani wa migomba. Kama alisema neno jingine zaidi ya jina, uniambie na hilo. Na Jumapili ukipiga usiniambie amelala. Nipe Baba. Najua alikuwa anakimbilia kwenye ng'ombe kwa kuwa hajui kusema uongo, na sasa hahitaji tena.

Mpe Jovina hongera kwa unga. Aliukaanga sawasawa hata nikadanganyika. Mbusu Francisca, wasalimie majirani wote waliokesha nanyi, uwashukuru kwa niaba yangu niliyekuwa sipo.

Na umwambie Baba kwamba Scholastika anampa shikamoo. Atashtuka kulisikia jina. Mwache ashtuke kidogo, kisha mwambie ni mjukuu wake, na kwamba analitumia vizuri.

Ni mimi dada yako,
Anjelika